Fundi wa Marufuku

Nalipwa kwa herufi. Shilingi kumi na tano,
nukta bure, mkato bure.
MARUFUKU ina nane: mia na ishirini,
unga kilo moja na kiberiti juu.
KARIBU ina sita, nami tangu nishike brashi
hajatokea wa kuniagiza niandike KARIBU
ila mwenye hoteli mmoja kule Bondeni,
naye alinilipa kwa chapati.

Asubuhi karani Kibiwott alikuja na karatasi
iliyokunjwa mara nne kama barua ya posa:
kutema mate, kutandaza bidhaa,
kulala benchi, kuhubiri bila kibali,
kuosha gari, kuchuma maua,
kukojoa.
Bustani nzima, alisema, ubao mmoja.
Nikamwuliza, Na kukaa?
Akaigeuza karatasi, akatazama upande wa pili.

Usinidhanie niko upande wa uchafu.
Nyaboke, anayefagia hapa tangu alfajiri,
alinifungulia kiganja: kovu la chupa,
na juu yake jingine, bado jekundu.
Anawajua. Wale vijana wa Jumamosi,
wanaopasulia chupa kwenye ukingo wa chemchemi kavu
na kumpigia mluzi kila binti anayekatiza kwenda stesheni,
hata mwenye sare, hata mwenye mtoto mgongoni.
"Andika kubwa," aliniambia. "Andika mpaka mlevi asome."
Nikamwandikia kubwa, Mungu shahidi,
mguu wa K nikauburura kama panga.

Maua ya mjakaranda yakawa yanadondokea rangi mbichi.
Niliyabandua kwa ukucha, mengine nikayaacha.
Moja limegandia ndani ya O,
ile ya kwanza ya KUKOJOA,
zambarau yake bado haijafifia.

Mchana akaja mtoto wa gunia, Gathogo,
akasimama nyuma yangu akinusa tapentaini.
"Imesema nini, fundi?"
Nikamsomea toka juu.
Kwenye mate, akameza.
Kwenye kulala, akaliangalia benchi
kama mtu aonaye ng'ombe wake akiswagwa mnadani.
Kisha akapata jawabu:
"Basi mimi sijui kusoma. Hainihusu."
Tukacheka. Mimi niliacha kwanza.

Saa kumi na mbili na robo
giza likiteremka kutoka Menengai,
vikombe vitatu vya chai vikadai haki yao.
Nikaenda choo cha umma, shilingi kumi mkononi.
Kufuli. Na juu ya kufuli kijibao,
kazi ya mkono huuhuu, mwaka jana,
herufi ishirini na mbili, nililipwa zote:
HUFUNGWA SAA KUMI NA MBILI.

Mtu mzima hutafuta ua wa michongoma.
Nilikuwa katikati ya shughuli
tochi iliponimulika kisogoni.
"Mzee, hujui kusoma?"
Askari Ndiema, buti mpya, sauti mpya.
"Mimi ndiye niliyeandika."
"Basi wewe ni mara mbili," akasema,
na kwa kweli sikuona kosa katika hesabu yake.

Tulielewana kabla ya kufika getini.
Mia na ishirini.
Neno zima, MARUFUKU, herufi zote nane,
likatumbukia mfukoni mwake bila risiti.

Jumatatu nilipita kuchukua ngazi yangu.
Chemchemi ilikuwa na vigae vipya vya kijani.
Benchi lilikuwa tupu, limelowa umande,
na nikafurahi, sitasema uongo, nikajisifu kidogo.
Kisha nikazunguka.

Nyuma ya ubao sikuandika kitu.
Hakuna aliyelipia.
Mbao tupu, misumari imetokeza ncha,
na chini yake, upepo usipofika,
gunia, na ndani ya gunia nyayo mbili.
Nyaboke alikuwa amekwisha fika hapo na ufagio.
Aliona ninaangalia.
Akafagia kulia, akafagia kushoto,
polepole, kama mtu afagiaye chumba cha mgonjwa,
akaenda zake kuokota chupa.