Maziwa Yaliyotangulia

Kipupwe cha Ulaanbaatar, Dulmaa huuza maziwa
yaliyoganda kama matofali;
huyapasua kwa shoka, huyapima kwa kilo.

Miaka sita ya ndoa. Mama mkwe
haulizi tena. Hunyamaza kwa sauti.

Juzi, akivua koti la ngozi ya kondoo,
aliona doa kifuani, bichi, jeupe.
Maziwa.
Na siku zake hajaziona tangu majani yapukutike!
Akacheka peke yake, akanunua kipimo.
Mstari mmoja.
Akanunua kingine. Mmoja.

Daktari Tsend alichora duara:
tezi, chini ya ubongo, mfano wa njegere.
"Imeuambia mwili kuwa unanyonyesha,
nao mwili, mtiifu, umelifungia yai mlango."

"Kwa hiyo si laana?"
"Homoni. Nusu kidonge, mara mbili kwa wiki."

Njiani alisimama katikati ya barafu.
Nusu kidonge.
Miaka sita, na kitu cha kukatwa kwa kisu cha jikoni.

Usiku alijipapasa ubavu
kama ampapasaye ng'ombe aliyepotelewa na ndama
na bado anakamuliwa:
tulia, wewe. Hukukosa.
Ulisikia vibaya tu.