Kisanduku cha Saba

Karatasi ilikuwa imejazwa kabla sijaketi.
Jina: Syombua. Umri: wamekosea kwa miaka miwili.
Malengo ya mgonjwa: asikose dawa, asizurure, atulie.
Chini, alama ya kalamu ikinionyesha pa kutia sahihi.

Nimetulia miaka minne, Bwana Shikuku.
Nimetulia hadi majirani hapa Kariobangi
wananisalimia kupitia kwa dada yangu:
"Huyu amekula? Huyu siku hizi analala?"
Nami nimesimama papo hapo, sufuria mkononi,
na masikio yangu yote mawili.

Visu vya nyumbani vinalala kwa jirani.
Sukuma wiki naichana kwa vidole.
Mkasi wangu wa kazi, ule mzito wa mpini mweusi,
dada aliufunga ndani ya leso, akauweka juu ya kabati,
na cherehani ikawa meza ya runinga.
Sikumuumiza mtu. Nilizungumza na ukuta wiki tatu,
nikatembea bila viatu hadi Ruai
kumtafuta mama, naye tulikwisha kumzika.
Hilo silikatai.
Lakini mkasi ulikosa nini?

Na chama je? Kila Jumapili ya pili natoa mia tano;
zamu yangu ikifika, hesabu inatoka nane inaingia kumi.
"Tunakuwekea," asema Mama Wairegi,
"pesa zisikusumbue kichwa."
Kichwa kinasumbuliwa na huko kuwekewa.

Basi ulipouliza, jicho lako likiwa kwenye saa,
"Kuna la kuongeza?"
nilisema: andika mkasi.
Ukacheka. Ukaona sicheki.
Foleni ikakohoa nje ya mlango.
Ukageuza karatasi: kisanduku cha saba, Mengineyo,
kidogo kama dirisha la bafu,
ukaandika hadi maneno yakamwagika pembeni:
*Arudishiwe mkasi. Apewe zamu yake. Asalimiwe yeye mwenyewe.*
Dada akatia sahihi, hakunitazama.

Zamu bado. Jumapili nitakwenda na nakala.

Ila jana usiku alipanda kwenye stuli,
akaleta leso, akaifungua polepole kama mtu afunguaye kidonda,
akaketi karibu nami, karibu mno,
nikikata kitambaa cha pazia.
Dawa hizi hutetemesha vidole.
Alivumilia, akavumilia, mwisho akashindwa:
"Aa, Syombua! Si umepinda hapo!"

Miaka minne hakuna aliyenigombeza
kwa ajili ya kazi.