Ukaguzi wa Kasoro

Mkataba unasema mwezi wa kumi na mbili
msanifu arudi, ahesabu nyufa.
Nimerudi Moshi, na tepu yangu, na kofia ngumu
isiyo na kazi tena hapa.

Mlinzi hanijui. Ananisogezea daftari:
jina, simu, unakotoka, shida yako.
Nikaandika: jengo.
Akasoma, akacheka.
"Shida hiyo tunayo wote, dada."

Saa tisa. Jua limeinamia upande wa barabara
na ukuta wangu wa vioo,
ule uliopigiwa makofi kwenye skrini,
umevaa magazeti.
Tanzia, matokeo ya mpira, zabuni za mwaka jana,
na khanga moja ya bluu iliyobanwa kwa vibanio vya karatasi,
maandishi yake yakitazama nje:
KITANDA USICHOKILALIA,
yaliyobaki yamemezwa na kabati.

Bi Ndewirwa wa masjala hana ukali.
"Tulikuwa tunaiva," anasema.
"Hata majalada yameungua migongo. Hili lilikuwa kijani."
Ni la shamba fulani la Kibosho,
sasa lina rangi ya chai ya maziwa.

Naandika: vioo, magharibi, kosa langu.
Nakata. Naandika: kosa la usanifu,
kana kwamba usanifu ni mtu mwingine
aliyeshukia njiani.

Nje, juu ya zege, chozi amelala,
kifua chekundu, mdomo kama sindano ya kushonea.
Aliona kifabakazi kimechanua ndani ya kioo
akaenda kunywa.
"Wa nne wiki hii," anasema Foibe, mwenye ufagio.
"Huwa nawaokota kabla wakubwa hawajafika."
Anamfunga kwenye kipande cha gazeti.
"Njoo nikuonyeshe pazuri."

Pazuri ni choo cha wanawake, ghorofa ya pili.
Kaskazini tulipanga mabomba, ngazi, vyoo.
Bomba halihitaji mandhari, nilisema,
na wote wakaandika.
Dirisha dogo, kioo cha ukungu,
bawaba imevunjwa kwa makusudi,
na juu ya masinki, Kibo,
karibu kabisa, kimya,
kama mtu aliyekwisha kuacha jina mapokezi.
"Asubuhi kuna foleni hapa," anasema Foibe,
"hata ya wasiobanwa."

Baraza lilikuwepo.
Kwenye ramani ya kwanza: mita mbili na nusu,
nguzo za mbao, benchi refu la kuzunguka.
Tulilifuta kwa kalamu nyekundu saruji ilipopanda bei,
katika kikao cha watu ishirini
ambacho nacho kiliitwa baraza,
na hakuna aliyecheka.

Sasa wenye shida wanasubiri nyuma,
chini ya upenu wa banda la jenereta.
Mawe matatu, ubao, kreti ya soda iliyopinduliwa.
Kijana anamjazia mama mmoja fomu juu ya goti.
Mtu amelala, hati ya kiwanja kifuani.
Umeme unakatika, jenereta linaunguruma,
hawahami,
wanapandisha sauti tu.

"Nishikie hapa," namwambia kijana, nikivuta tepu.
Upana wa kivuli: mita moja na sentimita arobaini.
Kimo cha bati: kichwa changu na kiganja.
"Nani alipanga?"
Wanatazamana. Lilianza jiwe moja.
Naandika kila kipimo, polepole,
kama mwanafunzi anayenakili ubaoni,
na kwenye safu ya KASORO
kalamu inasimama.

"Sogea kidogo, mwanangu," anasema mama wa fomu,
"unatuzibia upepo."

Nasogea.
Ananisukumia kreti kwa mguu.