Jumanne, Saa Tisa

Alikubali kwa sharti:
"Usinichore na mzigo kichwani.
Wala mtoto mgongoni. Wangu ana miaka thelathini na moja,
yuko Tunduma anauza vipuri,
utambebesha nani?"

Basi nikamchora amekaa.

Fundi Subilaga wa Mwanjelwa,
kibanda cha tatu toka kwa wauza mchele,
amekaa, cherehani imefunikwa kanga kuukuu,
futi ya kupimia bado iko shingoni
(aliisahau, nami sikumkumbusha),
soksi mbili zisizojuana miguuni,
maana ni Julai, na Julai ya Mbeya
haibishi hodi, inapita chini ya mlango.

Tyubu nyeusi ilibaki na kifuniko chake.
Nilidhani naijua ngozi yetu mpaka nilipoanza kuitafuta:
kwenye paji la uso, kahawia inayokaribia shaba;
chini ya kidevu, buluu, tena buluu hasa;
na kwenye kidole kile ambacho sindano imekizoea
pana wekundu kidogo, kama udongo wa Isyesye
unapong'ang'ania soli ya kiatu.
Asubuhi nzima iliishia kwenye kivuli cha pua.

"Unachora nini muda wote huo, na mimi sifanyi kitu?"
"Hicho hicho."
Akaguna. Chai ikapoa.
Utando ukatanda juu ya maziwa,
nikauchora nao.

Mwenye duka la vinyago kule mjini
aliitazama mara moja, kama mtu anayesoma risiti.
"Tembo huna? Machweo?
Wageni wataniuliza huyu ni nani."
Nikasema, waulize.
Hakuichukua.

Kwa hiyo iko kibandani,
juu ya sare za shule zinazongoja vifungo.
Ijumaa mama mmoja akafika mlangoni, akaiona,
akashika kifua, sauti ikamshuka,
kwa kuwa kwetu sura ya mtu haikuzwi hivyo
ila siku ya msiba,
na chini yake tarehe mbili.

"Jamani, fundi wangu! Amepumzika lini?"

Nyuma ya pazia la kujaribia nguo
sauti ikajibu, pini mdomoni:

"Jumanne, saa tisa.
Gauni lako bado. Njoo kesho."