Kikohozi cha Sekunde ya Tatu

Kaseti niliinunua mnadani Kiboriloni,
shilingi mia tano, ndani ya fungu la soksi zilizokosa wenza.
Haikuwa na jalada. Mtu aliandika kwa kalamu: upande B,
basi, kana kwamba upande A haukuhitaji maelezo.

Nikarudi nayo Arusha, Ngarenaro,
chumba cha nyuma ya duka la rangi
ambako trei za mayai ukutani ndizo ukimya wetu.
Gitaa likatoka na vumbi lake.
Nikakata sekunde nne.
Nikazishusha nusu sauti, nikazigeuza mkia mbele,
nikazirudisha, nikazitandikia ngoma
ile inayotikisa vioo vya bajaji pale Kilombero.
Kwenye sekunde ya tatu mtu alikohoa.
Nikamwacha. Alikohoa juu ya pigo,
kama aliyelipwa.

Msimu ule wimbo ulipigwa kila saluni.
Walioniuliza gitaa la nani, niliwajibu: la zamani.
Kana kwamba Zamani ni mtu, kafa, hakuacha mtoto.

Halafu kijana wa Unga Limited akaubeba.
Si kipande. Wote, na sufuria na mafiga.
Kiitikio changu, pumzi zangu,
hata pale nilipokosea
akakosea vilevile, kwa uaminifu.
Nikawaka. Nikachapa barua kurasa mbili:
mimi nilichukua uzi nikafuma,
yeye kaiba shati
lingali na jasho langu kwapani.
Na ushahidi nikauweka: sikilizeni sekunde ya tatu.
Kikohozi kile ni changu.

Maneno hayana breki. Yakateremka hadi Moshi, Pasua,
yakamkuta Ndeonansia Mmasi kwenye cherehani.

Alikuja Jumanne, futi ya kupimia ingali shingoni.
Hakuketi.
"Kikohozi ni chako?"
Nikasema ndiyo.
"Kohoa nisikie."

Nilikohoa. Mungu anisamehe, nilikohoa,
mbele ya maikrofoni iliyowashwa.

"Baba alilazwa Kibong'oto miezi saba," akasema.
"Walichukua sampuli ya makohozi yake,
kidogo tu, kwenye kikopo,
na juu ya kikopo wakaandika: Ndelilio Mmasi.
Wewe umechukua kifua kizima.
Umeandika nini?"

Nikamweleza habari za uzi na shati.
"Mimi ni fundi," akasema.
"Hata uzi una duka lake."

Kisha akaomba asikie bila ngoma.
Nikazima ngoma. Nikazima sauti yangu,
ikazimika upesi kuliko nilivyotarajia.
Gitaa, gitaa, kikohozi, gitaa.
Nikanyoosha kidole kusimamisha.
"Usikate hapo. Weka yenyewe, kaseti."

Sikuwahi kusikiliza zaidi ya hapo.
Nilipata nilichotaka, nikafunga, nikaondoka,
kama mtu aliyekuja msibani kula.
Kaseti ikazunguka.
Baada ya kikohozi gitaa lilisita,
na mwanaume akasema, karibu kabisa,
kama yuko nyuma ya trei za mayai:
"Ndeo, funga mlango, mwanangu. Vumbi."

Ndeonansia akautazama mlango wangu.
Ulikuwa wazi.
Akaenda, akaufunga taratibu,
akabaki amesimama pale, mkono kwenye komeo.

Kuhusu fedha tulibishana hadi saa tisa;
anajua kupima, yule, na hapunjiki.
Jina la mzee limekaa juu ya langu.

Barua ya kijana wa Unga Limited iko mezani bado.
Shati ni shati, kaiba, nitampeleka.
Ila nimefuta neno moja, *changu*,
na mpaka leo sijapata
la kuweka hapo.