Kifaru cha Luvsandorj

Huku Dornod hakuna kifaru mwenye pembe.
Kipo hiki, cha chuma, umri mmoja na baba yangu.
Dizeli imeganda kama mafuta ya mkia wa kondoo.
Luvsandorj anawasha samadi kavu chini ya injini,
anapuliza, anaisihi, anaitukana kidogo,
kisha anaisihi tena, kama anayemwamsha mkwe.

Mzinga umevaa soksi ya turubai.
Ndani, penye rafu ya makombora,
amemlaza mwanambuzi aliyezaliwa usiku.

Kapteni anakagua. Risasi?
Zimo.
Redio?
Imo, ila haisemi.
Na hiki kinacholia?

Luvsandorj anapiga saluti,
glavu imetoboka kidole cha shahada.
Mpakiaji mzinga, afande. Kuruta.

Kapteni anafuta kamasi iliyoganda, anaandika:
wanne, wazima.