Mechi ya Nne

Mechi tatu, pointi nne.
Nimeandika nyuma ya daftari la dagaa,
ukurasa ambao bosi hafunui,
pale Mwaloni, kati ya magunia na mizani
ambayo haijawahi kudanganya
isipokuwa nilipoiomba.

Ligi bado mbichi.
Msimamo wa wiki hii ni dagaa wa asubuhi:
wameanikwa, wanang'aa,
linapita wingu moja tu, na kesho hawanusiki.
Ndivyo ninavyomwambia Mhoja,
shabiki wa Butimba Nyota, anayetembea tayari kama waziri
kwa kuwa wanaongoza kundi kwa tofauti ya bao moja.
Bao moja, Mhoja! Tena la penalti,
tena refa aliitazama ile filimbi kwanza
kama mtu anayehesabu chenji.

Sisi ni Furu wa Igogo.
Jina tulipewa na waliotucheka:
samaki mdogo, sangara alimmaliza.
Hakummaliza. Muulize yeyote mwenye nyavu.

Basi nawapima, mmoja mmoja.

Ukerewe nawaheshimu wakiwa kwao.
Kiwanja chao kina mteremko, na upepo wanauita kwa jina;
mwaka jana kipa wetu alipiga mpira juu
ukarudi kumsalimia.
Lakini wakishuka melini hapa bandarini
miguu inayumba hadi mapumziko.
Pointi tatu. Naandika kwa wino.

Magu wana Malimi,
beki mpana kama mlango wa ghala,
na kama mlango wa ghala, kugeuka ni shughuli.
Pembeni yake hupita mkokoteni na mzigo wake.
Tutawafunga, tukiwa na winga.

Tukiwa na winga.

Hapa natafuta penseli.

Zamani Geita walifika kwetu wamekwisha.
Kivuko kiliwachezesha kipindi cha kwanza:
foleni, jua, mahindi ya kuchoma, foleni.
Tukawafunga kwa msaada wa maji, na tukasema ni mbinu.
Sasa kuna daraja. Wanavuka Busisi wamelala,
shingo kwenye viti laini vya basi la dhahabu,
wanaamka Nyamagana wana njaa ya magoli.
Na msimu huu, kiti cha dirishani, upande wa kushoto,
amekaa Bugumba.

Bugumba wetu. Aliyejifunza chenga kwenye mawe ya Mabatini
kwa sababu jiwe halikupishi, unalipisha wewe.
Miaka kumi na mitatu, peku, ukucha mmoja hana.
Wiki sita niliiomba mizani:
nusu kilo ya uongo kila gunia,
na mama mmoja wa Nansio, Nagabona,
alinitazama usoni, akalipa, hakusema.
Ndipo nikanunua vile viatu.

Simlaumu. Geita wanalipa tarehe moja.
Sisi tunalipa tukikumbuka,
na tunakumbuka tukishinda.
Ila asingekuwa na haraka ya kuvaa njano.
Ila angesubiri mzunguko mmoja.
Ila mimi ningekuwa yeye ningekuwa nimepanda basi jana yake.

Juzi ameandika: *Mjomba, Jumamosi utakaa jukwaa gani?*
Simu naigeuza kifudifudi juu ya magunia.
Inanuka dagaa, imezoea.

Mhoja anapita na mkokoteni wake:
"Vipi, Geita umewapa ngapi?"
Namwambia giza limeingia, sioni mistari.
"Saa kumi na nusu hii?"
Namwambia macho.

Nikibaki peke yangu nalifungua daftari.
Furu, naandika, mbili.
Geita, nafuta, naandika, nafuta,
karatasi inaanza kutoboka.
Pembeni, mahali pa bei,
mkono umeandika wenyewe namba arobaini na moja.
Mguu wake siku ile ulikuwa thelathini na nane,
na fundi viatu alisema chukua vikubwa, mtoto huyu anakua;
tukajaza gazeti mbele, akakimbia hivyohivyo,
kila hatua ikilia kama mtu anayesoma habari kwa kunong'ona.

Bila shaka sasa umefika.